Deni la Taruma Moja

Ndugu wapenzi wa lugha, wengi wenu mmezoea kutuletea humu habari za vina na mizani. Leo naomba mniruhusu niandike juu ya neno moja tu. Neno hilo lilinishinda nikiwa mwalimu mwenye chaki mkononi, na mwanafunzi wangu akalijua. Badala ya kumshukuru, nilimwadhibu.

Hapa Somanda, mjini Bariadi, hatuna reli. Iliyo karibu nasi hupita Malampaka, wilayani Maswa, katika njia ya Tabora kwenda Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Utotoni mwangu tuliyaona malori ya pamba yakitokomea na marobota, na wakubwa wakatuambia kuwa pamba hiyo inakwenda kupanda treni. Kwa muda mrefu nilidhani treni ni aina ya mlima.

Kwa hiyo treni ya kwanza maishani mwangu niliipandia kitabuni. Ilikuwa mwaka 1975, nikiwa kidato cha kwanza. Shule ya msingi tulikuwa tumesoma kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa tangu mwaka 1967. Kisha ghafla, kuanzia hesabu hadi jiografia, kila somo likawa la Kiingereza. Tulikaa kama watu waliotupwa katikati ya ziwa kabla ya kufundishwa kuogelea. Mwalimu wetu, Mungu amjalie kila jema, akatugawia vitabu vyembamba vya hadithi fupi zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi. Nyingi kati ya zile nilizobahatika kuzipata zilihusu safari za treni.

Sasa nikiwa mstaafu natambua kwa nini hadithi za aina hiyo humfaa sana mwanagenzi wa lugha. Safari ya treni hujipanga yenyewe kama sentensi. Mtu hufika stesheni, hukata tikiti, hupanda, hutafuta nafasi, huketi dirishani, kisha gari huondoka. Kila kitenzi humwita mwenzake. Halafu ndani ya behewa wamo wageni wasiojuana, nao hawana budi kuulizana maswali yale yale ambayo mwanafunzi anahitaji kuyajua: unatoka wapi, unakwenda wapi, saa ngapi tutafika? Ukipotea katika ukurasa mmoja, stesheni inayofuata hukurejesha njiani.

Baadaye, chuoni, nilifahamu kuwa wepesi ule haukuwa wa kubahatisha. Mwalimu mmoja Mwingereza, Michael West, aliyefundisha Bengal, alikuwa amejitahidi kuchagua maneno machache yanayotumika mara nyingi ili mwanafunzi asome hadithi nzima bila kuzama. Orodha yake iliyochapwa mwaka 1953 ilikuwa na maneno kama 2,000. Nami nilikuwa nimevuka kidato cha kwanza nikiwa nimebebwa na maneno hayo machache, pasipo kujua nani aliyenibeba.

Mwaka 1982 niliitwa Chuo cha Ualimu cha Morogoro, kule Kigurunyembe. Nikapanda basi hadi Malampaka, na usiku nikaingia katika treni halisi, daraja la tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa treni ya vitabuni: mzee mwenye kofia, ukungu dirishani, mama aliyesahau mwavuli, na abiria wasemao neno moja moja huku wamejificha nyuma ya magazeti. Lo! Kabla hatujafika Shinyanga, mama aliyeketi mkabala nami alikuwa ameshajua ukoo wangu, amenipa viazi vitamu vya kuchemsha, na kunikabidhi mtoto wake nimpakate. Jogoo aliwika chini ya benchi. Tabora tulibadilisha gari pamoja na watu waliotoka Kigoma. Nilipofika Morogoro nilikuwa na marafiki wanne, na hakuna neno hata moja la Kiingereza lililokuwa limetutoka. Siku ile niliona ajabu hiyo, lakini sikuielewa.

Nikaanza kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vitabu vya hadithi nyepesi viliongezeka mashuleni, kwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza baada ya ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 kuonyesha jinsi Kiingereza cha wanafunzi wetu kilivyokuwa dhaifu. Shuleni kwetu lilifika sanduku moja, nami nikalipokea kama mtu aliyerudishiwa utoto wake. Kulikuwa na sharia kali nyakati hizo: mwanafunzi akisikika anazungumza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, huvishwa kibao shingoni na kukaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Sikuitunga mimi, lakini niliitekeleza kwa bidii.

Siku moja tulikuwa tukisoma hadithi ya kijana aliyechelewa treni ya mwisho, akaamua kurudi kwao kwa kuifuata njia ya reli. Kitabu kilisema alikuwa akiruka kutoka "sleeper" mmoja hadi mwingine. Ukurasa wenye picha ulikuwa umechanika. Mimi neno hilo nililijua kwa maana moja tu, ya mtu aliyelala. Nikajikaza, nikawaeleza wanafunzi kwa sauti ya mwenye hakika kuwa njiani walikuwa wamelala abiria wengi waliochoka, naye kijana akawa anawaruka mmoja mmoja kwa adabu.

Darasa likanyamaza. Nyuma kabisa kijana mmoja akanyosha mkono. Baba yake alikuwa kibarua katika genge la matengenezo ya reli, nasi sote tulilijua hilo. Alijaribu kuanza kwa Kiingereza, akakwama. Kisha akasema taratibu, "Samahani, Mwalimu. Nadhani hayo ni mataruma."

Wenzake wakacheka, si kwa sababu alikosea, bali kwa sababu alisema kwa Kiswahili. Nami nikaona mlango wa kutorokea aibu yangu. Nikamwita mbele, nikamvika kibao.

Jioni ile nilifungua kamusi ya Kiingereza. Maana ya pili ya neno lile ilikuwa pale, wazi kama mchana: magogo yanayolazwa chini kukamata reli. Mataruma. Yule kijana alikuwa sahihi kwa herufi zote. Kesho yake niliwasahihisha wanafunzi haraka haraka, kama mtu anayefuta ubao, bila kumtaja jina. Sikumwomba radhi. Tangu siku hiyo mpaka alipomaliza kidato cha nne, hakunyosha mkono tena katika kipindi changu.

Ndugu zangu, neno lile halikuniacha. Nililifuata katika kamusi za Kiswahili, na huko nikakutana na jambo lililonifurahisha na kunifedhehesha kwa pamoja. Kabla ya reli kufika, taruma lilikuwa neno la mabaharia wa pwani: mti wa kukaza na kuimarisha chombo kwa ndani. Reli ilipokuja, Waswahili hawakusimama wakiduwaa. Walikitazama kitu kipya, wakakipa jina kutoka katika kile walichokijua. Hebu yatazameni maneno tunayosafiria. Nauli ilikuwa malipo ya chomboni kabla ya kuwa ya behewani. Shehena ni mzigo wa jahazi. Abiria alivuka maji kabla ya kuvuka nyika. Hata behewa lilikuwa uwanda wa ndani wa nyumba za mawe kabla halijafungwa magurudumu. Waliomhamisha abiria kutoka baharini hadi Tabora na Mwanza walitufanyia kazi kubwa ya ushairi, nao hawakudai kuitwa washairi.

Mimi, mwana wa Usukuma niliyeliona ziwa lakini si bahari, nilikuwa na utajiri huo wote kinywani. Yule kijana aliupata bure kutoka kwa baba yake. Hadithi nyepesi ya Kiingereza ilikuwa imetuletea kitu tulichokuwa nacho tayari, na kazi yangu ilikuwa kuunganisha majina mawili ya kitu kimoja. Nilikata moja nikidhani nalilinda la pili.

Msinielewe vibaya. Sipingi Kiingereza, kwani kilinilisha na kusomesha wanangu. Wala sirudii hapa mjadala wote wa Tume ya Makweta, iliyopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie hatua kwa hatua kufundishia sekondari, na pendekezo hilo likakataliwa. Nasema yale niliyoyaona kwa macho yangu: mtoto anayeujua ulimwengu wake kwa lugha moja huchukua lugha ya pili kwa haraka akiruhusiwa kuiegemeza juu ya ile ya kwanza. Ukimnyang'anya ya kwanza, hata akili yake huinama.

Siku hizi mjukuu wangu husoma katika shule ifundishayo kwa Kiingereza. Mwaka jana alinijia na hadithi ya treni, nyepesi kama zile zangu. Alilijua lile neno la Kiingereza, maana kitabu chake kina picha nzuri. Nikamwuliza, "Kwa Kiswahili unakiitaje, mjukuu wangu?" Akatazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Sijui, babu. Mbao za treni?"

Kibao kile hakuvishwa na mtu, lakini amekivaa.

Nikamchukua hadi Malampaka. Tulisimama kando ya reli ya zamani, nikamwonyesha mataruma moja moja. Nilimweleza kuwa katika reli mpya ya kisasa inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka mataruma ni ya zege, na kwamba kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni za umeme zimekwisha kuanza safari tangu mwaka 2024. Garimoshi limepoteza moshi wake, lakini taruma limebaki na jina lake la baharini. Mjukuu akalirudia neno mara tatu, akaanza kuyahesabu, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Sikumkatiza.

Yule mwanafunzi wangu sijui yuko wapi, na leo huenda naye ana wajukuu. Ikiwa maandishi haya yatamfikia, basi nanyosha mkono mimi sasa, kutoka nyuma ya darasa, nikisema: samahani, ndugu yangu, yalikuwa mataruma. Nanyi wenzangu wa malenga nawaachia ubeti huu mmoja, muusahihishe mtakapoona umepwaya:

Taruma hulala chini, juu yake hupitiwa,
Halitajwi safarini, wala halijasifiwa,
Liking'olewa relini, mwendo utaharibiwa,
Kiswahili darasani, ni taruma laonewa.