Stata ya Pijo la Kugo

Wengi wenu mnaotoka Kericho na Bomet mnaijua milima yetu kwa chai yake. Sisi nyumbani, kwa muda wa karibu mwaka mzima, tuliijua kwa miteremko yake. Gari la babu yangu, ambaye sisi twamwita Kugo, lilikuwa halina stata, na gari lisilo na stata huwaka kwa njia mbili tu: kusukumwa na watu au kuvutwa na mteremko. Kwa hivyo Kugo hakuegesha tena gari kivulini au karibu na mlango kama watu wengine. Aliegesha penye mteremko, akatia jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi mmoja wetu aliondoa jiwe, gari likaanza kujikokota, Kugo akatia gia ya pili, akaachilia klachi, na mzee Pijo akakohoa na kuamka.

Jambo hilo liliingilia hata undugu. Jamaa waliojenga mlimani, upande wa Litein, tuliwatembelea mara kwa mara. Waliojenga penye uwanja tambarare tuliwapelekea salamu tu. Shangazi mmoja aliyeolewa upande wa Bomet alilalamika kwa simu: "Kwani nimewakosea nini?" Kugo akamjibu, "Hujatukosea, mwanangu. Boma lako ndilo limelala sana."

Tulicheka, lakini kicheko kingine ni cha kuficha aibu.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 pikapu, rangi yake zamani ilikuwa nyeupe. Kugo alilinunua mwaka 1981, likiwa limetumika tayari, kwa pesa za majani na fahali wawili. Ukimwuliza kwa nini hakununua gari la aina nyingine, jiandae kukaa chini. Atakuambia kuhusu mashindano ya Safari Rally, ambayo alikuwa akiyafuata redioni alipokuwa kijana. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 hali ya barabara ilikuwa mbaya mno hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho kila mwaka, na miaka yote miwili dereva Nick Nowicki alishinda akiwa na 404. "Gari lililotoka katika tope lile," Kugo husema, "litashindwa na tope la kwetu?"

Naam, halikushindwa. Limebeba majani ya chai hadi kituoni, limebeba mbolea, mahindi, maharusi na majeneza. Majani mabichi hayangoji mtu. Yakichumwa leo sharti yafike kiwandani leo, la sivyo yanaanza kuungua ndani ya gunia. Kwa hivyo mtu mwenye gari katika nchi ya chai ana majirani wengi.

Stata ilianza kuugua polepole. Kwanza, asubuhi za baridi, ilizunguka kwa kunung'unika na taa zikafifia. Baadaye ikawa ukigeuza ufunguo unasikia "ta!" moja, kisha kimya. Kugo alikuwa akishuka na nyundo ndogo, anaigonga stata mara mbili tatu, kisha inakubali. Siku moja ikakataa hata nyundo. Tukapelekewa stata nyingine na muuzaji mmoja wa vipuri, aliyeapa kwamba ni mpya na ni ya 404. Meno yake hayakukutana sawasawa na meno ya flaiwili. Ililia kama nguruwe kwa muda wa wiki tatu, kisha ikatoa moshi. Pesa zikawa zimekwenda. Baba akasema basi. Kugo akaifunga ile stata ya zamani katika gunia la majani, akaiweka chini ya kitanda chake, na maisha ya miteremko yakaanza.

Sasa nifike kwenye siku iliyobadilisha mambo. Kogo, yaani nyanya yangu, ana ugonjwa wa presha, na huenda kliniki kila mwezi. Siku hiyo mvua kubwa ya alasiri ilinyesha, kama kawaida yetu, na nafasi pekee iliyobaki ya kuegesha ilikuwa uwanjani, tambarare kama meza. Tulipotoka kliniki tulianza kusukuma. Mimi, vijana wawili wa bodaboda na mama mmoja aliyekuwa akingoja matatu. Magurudumu yaliteleza. Tukasukuma tena. Mara nikahisi mtu mwingine kando yangu. Kugeuka hivi, namwona Kogo! Alikuwa ameshuka, ameweka kadi yake ya kliniki mdomoni ili isilowe, na mikono yake miwili iko juu ya bodi ya gari, anasukuma. Nilimwambia, "Kogo, rudi ndani." Hakuweza kunijibu kwa sababu ya kadi. Alitikisa kichwa tu na kuendelea kusukuma.

Gari liliwaka. Njiani hakuna aliyesema neno.

Habari ilimfikia Baba kabla ya chakula cha jioni. Baba yangu si mtu wa kelele, lakini jioni hiyo alisema mbele ya watu wote: "Mzee, gari linalosukumwa na mgonjwa si gari, ni mzigo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wako Kaplong kila Jumanne. Wataleta mizani hapa hapa, walipime kwa kilo. Pesa hizo zitamaliza karo ya huyu." Huyu ndiye mimi. Kugo alitazama moto kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nipe hadi mwisho wa mwezi." Akaenda kulala bila kumaliza ugali wake.

Wenzangu, mtanielewa nikisema usiku huo sikujua niombe nini. Karo ilikuwa yangu, na gari lilikuwa la Kugo. Tena nilimpenda Baba, na alichosema kilikuwa kweli.

Kesho yake Kugo alinichukua tukaenda kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika karakana ya mashamba makubwa ya chai, akitengeneza umeme wa matrekta. Sisi humwita Fundi tu. Tulimkuta ameketi nje ya nyumba, uso umeelekea jua. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na aliwatambua watu kwa sauti. Kugo akaweka gunia mbele yake. Fundi akatia mkono ndani, akapapasa, akatabasamu. "Hii ni ya 404," akasema. "Nani ameiua?"

"Sijui kama imekufa," Kugo akajibu.

"Ukigeuza ufunguo, taa zinazima ama zinabaki?"

"Zinabaki kali kabisa. Unasikia tu ta!"

"Basi moto hauingii ndani. Kaboni zimekwisha. Hii haijakufa, ina njaa." Kisha akaushika mhimili wa stata akautikisa, ukacheza kama jino bovu. "Na bushi pia zimekwisha. Hiyo ndiyo ilikuwa inailiza asubuhi. Mimi naweza kukuambia yote, lakini siwezi kufungua. Nahitaji mtu mwenye macho na vidole vyembamba." Akageuza uso upande wangu. "Huyu anayepumua hapa ni nani?"

Kugo akasema, "Ni chepto wangu, yuko kidato cha tatu." Nilidhani ataitwa binamu yangu wa kiume. Fundi akasema, "Chepto, kuja. Chukua bisibisi."

Ndugu msomaji, vile tulivyojifunza fizikia darasani, waya wenye umeme ukiwekwa kati ya sumaku husukumwa. Stata ni neno hilo hilo lililotiwa ndani ya mkebe wa chuma. Ukigeuza ufunguo, umeme kidogo huenda kwenye solenoidi, nayo hufanya kazi mbili kwa pamoja: husukuma gia ndogo ikumbatie meno ya flaiwili, na hufunga njia ya umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Taa moja kubwa ya gari hula kama ampea 5. Stata hula ampea 100 na zaidi, ingawa kwa sekunde chache tu. Umeme huo wote hupita katika vipande vidogo vya kaboni vinavyokwaruza shaba inayozunguka. Kaboni zikiisha, mto mzima umekosa daraja. Ile gia ndogo mafundi wetu huiita bendeksi, jina la Mmarekani Vincent Bendix. Kabla ya stata za umeme, ambazo Cadillac ilianza kuziweka katika magari yake ya mwaka 1912 kwa kazi ya Charles Kettering, watu walizungusha injini kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono.

Nilifungua bolti mbili ndefu, na vumbi jeusi likamwagika. Kaboni zilikuwa zimebaki kama kucha. Fundi alinieleza nipime kwanza kabla ya kununua chochote: tulichukua betri ya tochi, balbu na vipande vya waya. Nikagusa shaba kwa ncha moja na mhimili kwa ncha nyingine. "Imewaka?" akauliza. "Haijawaka." "Vizuri. Ingewaka, ningekuambia uirudishe kwenye gunia." Maana yake ni kwamba umeme haukuwa ukivuja.

Kugo alienda mjini Kericho. Kaboni za 404 hazikupatikana, lakini katika vibanda vya jua kali alipata za lori, kubwa kidogo. Nikazisugua kwa tupa, pole pole, Fundi akizipima kwa ncha za vidole vyake. "Bado. Bado. Hapo! Ziteleze bila kubanwa, bila kucheza." Bushi za shaba zilikerezwa mjini, tukaziloweka katika mafuta ya injini usiku kucha. Shaba ya kuzunguka niliisugua kwa msasa laini hadi ikang'aa, na mifereji iliyo kati ya vipande vyake nikaichokoa kwa kipande cha msumeno wa chuma. Bendeksi tuliiosha kwa petroli. Nilitaka kuipaka grisi, Fundi akanizuia: "Grisi inakula vumbi, kisha inaganda. Tone moja la mafuta mepesi latosha."

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Jumamosi ya tatu tuliijaribu chini kabla ya kuifunga. Fundi aliniambia niikanyage kwa gambuti juu ya gogo, maana stata huruka kama jogoo aliyekatwa shingo. Kugo akagusisha waya za betri. Lahaula! Ilinguruma hadi nikahisi mtetemo gotini. Fundi hakuangalia, aliinamisha sikio. "Sauti moja," akasema. "Haina kikohozi. Kaifungeni."

Tuliifunga siku hiyo hiyo, tukitoa kwanza waya wa hasi wa betri, maana spana ikigusa mahali pabaya hutoa cheche za kuunguza mtu. Nilikuwa chini ya gari, matope mgongoni, nilipomwambia Kugo, "Haya, jaribu." Pijo likawaka mara moja, pale uwanjani mbele ya nyumba, bila mtu kuligusa.

Baba alikuwa akitoka shambani, kikapu mgongoni. Alisimama. Akauliza, "Imekula ngapi?" Kugo akamwambia shilingi 1,850, pamoja na nauli. Baba akarudia, "Elfu moja mia nane na hamsini," kisha akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu siku ile ya kliniki. Watu wa mizani hawakuitwa. Karo yangu ilingoja bonasi ya chai, na mwalimu mkuu alikubali kungoja pia. Haikuwa rahisi, nilirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzangu, lakini nilirudi.

Fundi alikataa pesa. Alisema yeye anaomba safari moja tu. Kwa miaka miwili alikuwa ameambiwa kwamba macho yake yanaweza kupasuliwa katika hospitali ya Tenwek, lakini hakuwa na mtu wa kumpeleka, wala hakutaka kupapasa njia katika matatu. Kugo akampeleka. Bandeji ya jicho la kwanza ilipotolewa, Kugo nami tulikuwa mlangoni. Fundi alitutazama kwa muda, kisha akaiangalia mikono yangu. "Kumbe ni midogo hivi," akasema.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Zamani nilidhani methali hiyo inasifu vitu vikuukuu. La hasha. Mbacha uliotoboka usiposhonwa ni takataka, na Baba alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kabla ya kukiita kitu maiti, kifungue kwanza, kipime kwa balbu. Katika vijiji vyetu wako wazee wengi kama Fundi, wamekaa wameelekea jua, wanajua magari, wanajua mitambo ya viwanda vya chai, wanajua mengi yasiyo katika vitabu vyetu, na hakuna anayewauliza. Likizo ijayo, mwenzangu, mtafute mmoja. Nenda na bisibisi, na ukipewa kazi, usingoje aitwe mvulana.