Rahisi na Nafuu

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hukaririwa madarasani tangu shule ya msingi, na aghalabu mwanafunzi huiandika katika insha bila kuwahi kuinama popote. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika Kiswahili, jijini Nairobi, aliinama kweli. Ilikuwa mwaka 2012, mbele ya rafu za mvinyo katika duka kuu, na kilichomwinamisha kilikuwa shilingi 6,000 zilizofungwa kwa mpira ndani ya mkoba wake.

Fedha zile hazikuwa zake. Wanafunzi wenzake walizichanga, huyu mia, yule mia mbili, ili kumuaga mhadhiri wa fasihi aliyekuwa akistaafu. Kamati ilikwisha kugawa majukumu: kuna aliyepewa nyama, kuna aliyepewa viti, kuna aliyepewa vipaza sauti. Kila mtu alijua kwamba mhadhiri yule hupenda bilauri moja ya mvinyo jioni, desturi aliyoizoea alipokuwa akisoma ng'ambo. Kwa hiyo mvinyo ulihitajika, uwatoshe wageni, na usiwe wa kuaibisha. Jukumu hilo lilimwangukia mtu ambaye hakuwahi kununua kileo maishani mwake.

Si kwamba alikuwa mcha Mungu kuliko wenzake. Alikuwa na sababu nyingine. Mnamo Novemba 2000, pombe haramu iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa bilauri yake iliuzwa shilingi 10, iliwaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, na kuwapofusha wengine. Ilikuwa na methanoli, sumu ambayo mnywaji hawezi kuitenga na kileo cha kawaida kwa ulimi, lakini ikishafika mwilini hushambulia neva za macho. Baba yake alikuwa miongoni mwa walionusurika bila macho. Binti alikuwa darasa la saba. Tangu siku hiyo, neno "rahisi" lilipokaribiana na neno "kileo" katika mazungumzo ya nyumbani, mama aliinuka na kwenda jikoni.

Basi alisimama mbele ya zile rafu akiwa na hofu mbili. Chupa zilizopangwa usawa wa macho ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,000. Fedha za mchango zingenunua mbili tu, na wageni walikuwa 40. Chupa za rafu ya chini zilikuwa za bei aliyoiweza, lakini ni bei iyo hiyo iliyomtia kiwewe. Alizisoma lebo asizozielewa, akainuka, akatoka mikono mitupu.

Mwanafunzi wa Kiswahili akikwama hukimbilia kamusi. Usiku huo alisoma kwamba "mvinyo" ni neno lililorithiwa kutoka kwa Wareno, na kwamba "divai", lililozoeleka zaidi kanisani, lina asili ya Kifaransa. Hayo hayakumsaidia kununua chochote. Kilichomzuia kulala ni maneno mengine mawili. "Rahisi" limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni kitu kisicho na bei kubwa. Waswahili wakalipanua likabeba pia maana ya kitu kisicho kigumu. "Nafuu" nalo limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya manufaa, na katika Kiswahili husemwa juu ya bei iliyopungua na vilevile juu ya mgonjwa anayeanza kupona. Wafanyabiashara huyatumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Alijiuliza kama kweli ni visawe.

Siku ya Jumamosi alikwenda kwa mjomba wake, Dagoretti. Mzee huyo alihudumu katika mikahawa ya hoteli za Nairobi kwa zaidi ya miaka 30, akastaafu mwaka 2004. Maishani mwake alikuwa amefungua maelfu ya chupa ambazo hakuzilipia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo umekuja na uso wa mtahiniwa."

Alimsimulia yote. Mzee hakucheka. Alimjua shemeji yake kabla na baada ya mwaka 2000.

"Kwanza tutenganishe mambo," alisema. "Kilichompofusha baba yako hakikuwa kileo cha bei nafuu. Kilikuwa kitu kisichojulikana kimetengenezwa wapi, na nani, kwa nini. Hakikuwa na lebo, hakikuwa na lakiri, hakikuwa na mwenyewe. Ukishika chupa, usiitazame bei kwanza. Tazama kama kifuniko chake hakijaguswa. Tazama stempu ya ushuru. Soma jina la aliyeutengeneza, mahali, mwaka wa mavuno na kiasi cha kilevi. Mvinyo wa zabibu wa kawaida huwa na asilimia 11 hadi 14 hivi. Ukikuta chupa inajiita mvinyo lakini haisemi ni wa zabibu gani wala wa nchi gani, irudishe mahali pake, hata ikiwa na picha ya ngome."

Baada ya hapo mzee alimweleza bei ya chupa huundwa na nini. Ardhi ya mashamba yenye sifa ni ghali, na gharama hiyo humfuata mnywaji hadi mezani. Mapipa mapya ya mwaloni ni ghali, ilhali matangi ya chuma cha pua hutumika miaka na mikaka. Kuuhifadhi mvinyo ghalani miaka kadhaa kabla ya kuuza ni gharama. Chupa nzito ni gharama. Matangazo ya biashara ni gharama. Baadhi ya mambo haya huongeza ladha, na mengine huongeza fahari tu. Isitoshe, usafiri, chupa na kodi havipungui sana hata mvinyo ukiwa hafifu. Kwa hiyo anayeteremka hadi bei ya chini kabisa huishia kulipia kioo na ushuru, na anayepanda hatua moja au mbili tu hupata mvinyo ulio bora kwa mbali. Juu zaidi ya hapo, kila shilingi mia inayoongezwa hununua utamu mchache kuliko mia iliyotangulia.

"Usinunue jina," mjomba aliendelea. "Jina la Bordeaux lina kodi yake. Nunua zabibu ambazo wakulima wanazo kwa wingi na wamezizoea."

Alimtajia Afrika Kusini, ambako mvinyo ulikamuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1659, na ambako zabibu za Chenin Blanc ndizo zilizopandwa kwa wingi kuliko nyingine zote. Hutoa mvinyo mweupe wenye uchangamfu wa limau na tofaa bila kuhitaji mapipa ya gharama. Alimtajia Chile na zabibu zake nyekundu za Carménère, ambazo wakulima wa huko walizidhania kuwa Merlot hadi mwaka 1994, mtaalamu wa Kifaransa alipozitambua shambani. Wanywaji walikuwa wamezifurahia miaka yote hiyo chini ya jina lisilo lake. Aliongeza habari za Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na za Naivasha. Aidha, alimwonya asiogope kifuniko cha kuzungusha, kwani watengenezaji stadi wa Australia na New Zealand walikikumbatia tangu miaka ya 2000 kwa kuwa kizibo cha gome la mti huweza kuuharibu mvinyo. Hatimaye akamwonya juu ya utamu wa sukari: sukari ni kama kelele katika ngoma, huficha mpigaji asiyejua.

"Lakini haya yote ni maneno," alihitimisha. "Shahidi ni ulimi. Kesho lete chupa tatu, waite na wenzako wawili. Mimi nitaongeza ya nne."

Binti alinunua chupa tatu kwa fedha zake mwenyewe, ujira wa mafunzo ya ziada: mvinyo mwekundu wenye sukari wa shilingi 450, Chenin Blanc ya shilingi 650 na Carménère ya shilingi 800. Mjomba alizifunga zote kwa magazeti, akaziandika nambari, akaitia ile nyeupe katika jokofu saa mbili na zile nyekundu robo saa tu, kwani joto la adhuhuri huufanya mvinyo mwekundu uwe kama dawa ya kikohozi. Akawafundisha kuzungusha bilauri, kunusa, kushika funda moja kinywani, kisha kulitema ndani ya kopo.

"Kutema si utovu wa adabu," alimwambia mpwa wake kwa sauti ya chini. "Wataalamu hutema. Hapa unatafuta ladha, hutafuti kulewa."

Maneno hayo yalimtua mzigo. Alionja, akatema, akaandika. Chupa ya kwanza ilimpendeza mmoja wa wenzake kwa funda moja. Kwa funda la tatu aliisukuma kando akisema inanata kama sharubati iliyolala. Ya pili iliwafanya wote wanyamaze kidogo, kisha watake tena. Ya tatu ilikuwa na ukavu na harufu ya pilipili mbichi, nao wakakubaliana kwamba ingefaa nyama. Ya nne ilikuwa imepooza, ina uchachu wa siki na harufu ya matunda yaliyopikwa yakapitiliza. Wote wanne, mjomba akiwamo, waliipa nafasi ya mwisho.

Magazeti yalipofunuliwa, chupa ya nne ilikuwa Bordeaux. Hoteli ilimzawadia mzee siku aliyostaafu. Kwa miaka 8 ilikaa juu ya kabati, chini ya paa la mabati, ikingoja siku inayoistahili. Mvinyo hauvumilii joto. Mzee aliitazama lebo yake kwa muda, akatabasamu bila furaha.

"Nilidhani heshima ingeuhifadhi," alisema. "Ningewaita watu tukaunywa mwaka ule ule."

Mambo yaliyotukia katika sebule ile yamewahi kutukia kwingineko. Mnamo Mei 24, 1976, jijini Paris, mfanyabiashara wa Kiingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji stadi wa Kifaransa waonje bila kuona lebo. Mvinyo wa California, ambao wakati huo haukuwa na hadhi ya ule wa Ufaransa, uliibuka wa kwanza katika mweupe na katika mwekundu. Mwaka 2008, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walionjeshwa mvinyo mmoja mara mbili, wakitajiwa bei mbili tofauti. Waliufurahia zaidi walipoambiwa kwamba ni ghali, na hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi. Kumbe bei inaweza kumdanganya mja kutoka pande zote mbili: iliyo juu humfanya asikie utamu usiokuwapo, na iliyo chini humfanya aogope kisicho na hatia au, kama ilivyokuwa Mukuru, asiulize swali ambalo lingemwokoa.

Siku ya kumuaga mhadhiri, mezani palikuwa na chupa tano za Chenin Blanc na tatu za Carménère. Chupa moja ya mililita 750 hutoa bilauri tano, kwa hiyo zilitosha, hasa kwa kuwa wengi walikunywa maji ya matunda. Gharama ilikuwa shilingi 5,650. Shilingi 350 zilirudishwa kwa kamati pamoja na risiti. Mhadhiri alionja ule mweupe, akafumba macho, akauliza umetoka wapi. Alipoambiwa bei yake alicheka hadi akatoa miwani.

"Kwa nusu ya marupurupu yangu nimekuwa nikinywa lebo," alisema.

Jioni hiyo binti alirudi nyumbani na chupa moja tupu, kwani mama alihitaji ya kuwekea mafuta ya kupikia. Baba yake aliyekuwa ameketi mlangoni aliipokea. Alipapasa shingo ya chupa, akazigusa kingo za lakiri iliyokatwa, akapitisha kidole juu ya lebo taratibu kana kwamba anaisoma.

"Ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa, baba. Na jina la aliyetengeneza lilikuwapo."

"Mimi siku ile niliona shilingi 10 tu. Kilichokuwa ndani ya bilauri sikukiuliza." Alinyamaza. "Hii ilikuwa ya bei gani?"

"Mia sita na hamsini."

"Basi ni rahisi."

"La, baba. Ni nafuu. Si rahisi: ilinibidi kusoma, kuuliza na kuonja kabla ya kuipata."

Mzee aliligeuzageuza neno lile kinywani kama mtu anayeonja.

"Nafuu," alisema. "Hilo ni neno la mgonjwa anayepona."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Safari hii hakwenda jikoni. Alinyosha mkono akaipokea chupa, akainusa mdomo wake, kisha akaenda kuiosha.