Chakula cha Samaki Wasioliwa

Mama anawaita samaki wasioliwa. Hana ubaya nao. Amezaliwa Kondoa, na kwake samaki ni kitu kinachofika kikiwa kikavu, kinatolewa vichwa, kinaoshwa mchanga na kupikwa na nyanya nyingi. Hawa wetu wanakaa sebuleni, kwenye tangi la kioo la lita 200 pembeni ya televisheni, wanawashiwa taa yao, na hawana kazi zaidi ya kutazamwa. Watano ni wa njano. Wenye milia ya buluu na nyeusi walikuwa sita. Baba aliwapata kwa bei ya kutupa kutoka kwa jirani yetu wa hapa Maisaka, aliyehamishiwa Dodoma na hakuona namna ya kusafiri na tangi ndani ya basi.

Baba ni mwalimu mstaafu. Mwaka wa pili wa kustaafu aligundulika ana kisukari, akarudi kutoka kliniki na karatasi yenye mchoro wa sahani: nusu mboga, robo ugali, robo maharage au nyama. Lazima umjue mtu huyu ili uelewe karatasi ile ilimfanya nini. Baba ni Mwiraqw wa kula. Ugali kwake hupimwa kwa mwiko, si kwa mchoro, na baada yake hufuata maziwa ya mgando. Sasa anamaliza robo yake kwa dakika nne, ananawa, anabaki kuangalia mikono. Halafu anasimama, anakwenda kwenye tangi na kuwalisha samaki.

Asubuhi, mchana, jioni, na siku nyingine saa sita usiku mama akiwa amelala. Makombo ya chapati, mkate, ugali wa jana aliousugua viganjani mpaka ukawa chenga. Samaki wakimwona tu anakaribia wanapanda juu wote kwa pamoja, midomo wazi, wanagombania. Nilipofika likizo mwezi wa sita nilimkuta hivyo, ameinama, anacheka peke yake. Tangu karatasi ile iingie nyumbani, huo ndio wakati pekee wa siku ambapo nilimwona chakula kinampa furaha. Na wawili wa milia walikuwa wameshakufa, matumbo yamejaa kama puto.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "wewe ndiye msomi wa samaki. Nitafutie chakula kilicho bora kuliko vyote."

Nilielewa alichokuwa anaomba. Alitaka chakula kitakachomruhusu kuendelea kulisha mara nne.

Nasoma uzamili SUA, Morogoro, na tasnifu yangu inahusu chakula cha perege wa kufugwa: ni kiasi gani cha dagaa unaweza kukitoa kwenye mchanganyiko na kuweka mashudu ya alizeti bila perege kudumaa. Kwa hiyo karibu kila nilichofundishwa kuhusu chakula bora kina mizani upande huu na shilingi upande ule. Bora ni kile kinachomnenepesha samaki upesi kwa gharama ndogo, ili baada ya miezi kadhaa umvue umuuze. Sebuleni kwetu hakuna mavuno. Samaki wa baba hawatakiwi kunenepa hata kidogo, wanatakiwa waishi. Ukichukua punje za bwawani, zile za kukuza, ukawapa hawa kila siku, utawaua kwa heshima zote.

Basi nikaenda Arusha, kama kilomita 170, kwenye duka linalouza samaki wa mapambo na vyakula vyao. Kijana wa dukani akanipa kopo lililotoka Ujerumani, shilingi 15,000, ambazo kwetu ni karibu kilo kumi za sembe. "Hiki kinafaa samaki wote, dada." Mimi na neno "wote" hatuelewani, hasa likiwa limeandikwa kwenye kopo. Niligeuza nyuma nikasoma: unga wa samaki, ngano, kamba, na kwa herufi za kujivunia, spirulina. Spirulina ni viumbe vidogo vya kijani ambavyo kimoja kimoja huwezi kukiona bila darubini, na hustawi kwenye maziwa ya magadi. Ndivyo vinavyoliwa na heroe wadogo, wale ndege wa waridi wa Natron na Manyara. Basi la kurudi Babati lilipita Makuyuni, Minjingu, Magugu, Ziwa Manyara likiwa huko upande wa magharibi, na mimi nimepakata kopo la Ujerumani.

Kabla sijaondoka dukani nilimwonyesha yule kijana picha za samaki wetu kwenye simu, nikamuuliza ni wa wapi. Akasema, "Hao ni wa nje."

Si wa nje. Yule wa milia ni wa Ziwa Nyasa, tena upande wetu: porini anafahamika kwenye miamba michache tu ya majini upande wa Tanzania, Pombo na Ndumbi. Ad Konings alimpa jina la kisayansi mwaka 1994, demasoni, akachukuliwa, akazalishwa kwenye matangi ya watu huko ughaibuni, na leo wajukuu wa wajukuu wake wanarudi Arusha kama bidhaa za kigeni. Wa njano naye ni wa ziwa hilohilo. Jina lake, Labidochromis caeruleus, alipewa na Geoffrey Fryer mwaka 1956, na hilo neno la pili kwa Kilatini ni buluu. Samaki wa rangi ya embe bivu, anaitwa buluu. Nilipomwambia baba alicheka mpaka akakohoa.

Wote wawili ni wa kundi ambalo watu wa ziwani huliita mbuna, samaki wa mawe. Huyo Fryer alikaa Nkhata Bay, Malawi, akichunguza nani anakula nini kwenye mwamba, na mwaka 1959 akachapisha kazi ambayo mpaka sasa tunapewa darasani. Kwangu kuisoma kulikuwa kama kusoma kuhusu nyumba ya kupanga: wanaishi ukuta kwa ukuta, lakini kila mmoja ana sufuria yake. Wa milia kazi yake ni kukwangua utando wa kijani unaoteleza juu ya jiwe, kutwa nzima, kidogo kidogo. Wa njano ana meno ya kudokoa. Anachungulia kwenye nyufa na kuchomoa wadudu. Kwa hiyo ndani ya lita 200 tuna walaji wawili tofauti, na chakula bora cha mmoja si cha mwenzake.

Wa milia wa tatu alipokufa nilimpasua jikoni juu ya sinia, kwa wembe. Mama akasema sinia hilo nisilirudishe kabatini. Baba alisogeza kiti. Niliutoa utumbo wake taratibu na kuunyoosha: umejikunja kama kamba ya kiatu iliyofichwa ndani ya kisoda, mrefu mara kadhaa kuliko samaki mwenyewe. Nikamweleza kwamba mla majani anahitaji njia ndefu, kwa sababu majani ni magumu kumeng'enywa, na njia hiyo ikijazwa ngano na mafuta ya chapati mambo yanakwama humo, tumbo linajaa, anaacha kula, anakufa. Na makombo yasiyoliwa huoza na kutoa amonia, kwa hiyo hata aliyeshiba vizuri anavuta sumu.

Baba aliutazama ule uzi muda mrefu. "Na wa mtu una urefu gani?"

"Ule mwembamba kama mita sita."

"Mita sita," akasema. "Na mimi mmenipa robo."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumweleza habari za wanga na sukari kwenye damu, lakini yote hayo anayo kwenye karatasi, na alifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi. Siku hiyo hakulisha jioni. Alikaa mbele ya tangi, taa imezimwa, na samaki waliobaki wakapanda juu wakamsubiri. Nadhani hilo lilimuuma kuliko sahani yake.

Sokoni nilitafuta cha wa njano. Mama mmoja anauza dagaa wa Mwanza kwa kopo, na pembeni ana gunia la vumbi lake, vichwa na mapande, ambalo wafugaji wa kuku hulichukua. Hapa niseme ukweli, dagaa wananipa taabu. Ndiyo kitoweo ambacho nyumba nyingi za mji huu zinakimudu, na viwanda vya chakula cha mifugo navyo vinawataka haohao. Ndiyo sababu ya mashudu yangu ya alizeti. Lakini samaki watano wenye urefu wa kidole hawamnyang'anyi mtu. Nilinunua vumbi la shilingi 500, nikalichekecha, nikaliosha mara tatu kutoa mchanga na chumvi, nikalikausha, nikalisaga. Mdokoo mmoja wa vidole viwili, mara tatu kwa wiki. Kopo la Ujerumani halikwenda bure: spirulina yake inawafaa wote wawili kwa kiasi, asubuhi, kisha kopo linafungwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu, maana vitamini C hupotea likishafunguliwa na samaki wengi hawawezi kujitengenezea. Na mchicha wa mama, uliotumbukizwa kwenye maji ya moto dakika moja, jani limefungwa kwenye kijiwe lizame.

Hayo yote yalikuwa sahihi, na hayakumsaidia baba. Yalimpunguzia kazi kutoka mara nne mpaka mara moja.

Kilichosaidia ni mawe. Nilinunua mawe ya ukubwa wa ngumi kwa wagonga kokoto, nikayachemsha, nikayapanga kwenye beseni la maji uani, juani. Jua la Babati la mwezi wa saba si kali, upepo wa Kwaraa unauma, lakini baada ya wiki mbili hivi yalikuwa yamevaa utando wa kijani, laini kama mahameli. Nilimpa baba jiwe la kwanza alitie mwenyewe. Wa milia hawakugombania. Walilizunguka, wakalilalia ubavu, wakaanza kukwangua, na saa tatu baadaye walikuwa bado wanakula. Baba naye alikuwa bado amekaa.

Sasa ana mabeseni manne uani. Kila jiwe lina namba aliyoichora kwa rangi upande wa chini, na daftari la zamu: lipi liko ndani, lipi linaota, lipi limeliwa likaisha. Mama analalamika kwamba hana mahali pa kuanika nguo. Kwenye kliniki ya mwezi wa nane sukari ilikuwa imeshuka kidogo. Ya mwezi wa tisa ikapanda tena. Ugali bado anaudai, na mwiko bado unafichwa.

Mwezi wa kumi nikiwa Morogoro alinipigia saa tano usiku, ananong'ona.

"Mama, kuna wa njano mmoja hali. Leo siku ya sita. Dagaa hataki, mchicha hataki, jiwe anapita tu. Kidevu kimefura."

Nikamwambia amulike tochi kwa chini na atazame mdomo vizuri. Nikasikia kiti kinasogezwa, kisha kimya, kisha pumzi yake.

"Kuna vitu ndani. Kama mtama."

"Ni mayai, baba. Wanaatamia mdomoni. Hatakula mpaka watoto watoke."

"Lini?"

"Wiki tatu, labda nne."

"Wiki tatu bila kitu," alisema. Akanyamaza kidogo. "Nimpe nini?"

"Usimpe kitu. Wawekee wenzake chakula upande wa pili wasimsumbue."

"Sawa," akasema, na nikasikia anavuta kile kiti karibu zaidi.