Pakiti Isiyokuwa na Bibi

Mama yangu, mkaazi wa Lodwar, ana pumu. Upepo unapotimua vumbi na miti ya mathenge, ambayo sisi Waturkana tunaiita etirae, inapochanua, kifua chake hulia filimbi usiku kucha.

Likizo iliyopita nilimkuta amekiweka kando kichupa chake cha kuvuta dawa. Mbele yake palikuwa na pakiti ya mitishamba ya Kichina aliyoletewa na shangazi kutoka sokoni Kakuma.

"Mwanangu," aliniambia, "hii haina kemikali. Ni miti tu, kama ile ya bibi yako."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mimi ambaye hushinda maktabani nikitetea hekima ya jadi, ningeidharauje jadi ya wengine? Aidha, historia ilikuwa upande wake kwa kiasi fulani. Tangu kale Wachina wametibu kifua kwa mmea uitwao mahuang. Mnamo mwaka 1885 mkemia Mjapani, Nagai Nagayoshi, alitenga efedrini kutoka katika mmea huo. Katika miaka ya 1920 Chen Ko-kuei na Carl Schmidt waliitangaza kwa matabibu wa Magharibi, ikawa dawa ya pumu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyiwa wagonjwa 91 huko Uchina: mchanganyiko wa mitishamba mitatu, mmojawapo mzizi wa susu, uliwapa nafuu iliyokaribia ile ya prednisoni.

Hata hivyo, efedrini hiyohiyo hupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio. Marekani ilipiga marufuku virutubishi vyenye mmea huo mwaka 2004. Na mama ana presha.

Niliigeuza pakiti huku na huku. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Huenda mlikuwa na mahuang. Huenda mlikuwa na majani ya chai, msomaji, sikujua! Bibi alichimba mizizi kwa mkono wake, akamjua mgonjwa na ukoo wake, akapima kwa kiganja. Pakiti hii haikuwa na bibi.

Tulibishana hadi taa ikaisha mafuta. Hatimaye alikubali kukirudia kichupa, nami niipeleke pakiti kwa daktari wake.

Asubuhi shangazi alipiga simu kuuliza kama dawa imefanya kazi. Mama alivuta kichupa mara mbili, akatulia, kisha akamjibu: "Mwanangu bado anaisoma."