Asumini Kwenye Birika la Bibi

Maua ya plastiki juu ya tivii yamewachosha? Pandeni boti mwende Unguja, mkajifunze kupamba nyumba kwa ua la leo na chombo cha zamani.

Wengi wetu tukisikia "wiki endi Zanzibar" tunawaza fukwe za Nungwi, pweza wa Forodhani na picha za jua likizama. Hakuna ubaya. Lakini kama wewe na mwenzi wako mmeanza maisha juzijuzi, na sebule yenu ina seti ya makochi, tivii kubwa na lile shada la plastiki mlilopewa siku ya kicheni pati, basi Unguja ina somo ambalo hamtalipata hotelini. Ni somo la ua linalonyauka kesho, likiwekwa ndani ya chombo kilichokuwepo kabla nyinyi hamjazaliwa.

Boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam inachukua kama saa mbili. Bebeni mzigo mwepesi, maana mtarudi na vitu. Na mkifika, vaeni kwa heshima na msalimie kabla ya kuuliza bei. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoishi, wanaosali na wanaopika, ingawa uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Anzieni Darajani

Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, na mpaka leo ndilo tumbo la mji. Pitieni samaki, pitieni viungo, halafu ulizieni asumini. Msitegemee duka lenye friji, karatasi za kung'aa na waridi za shina refu. Maua ya Unguja yana utaratibu wake.

Asumini halina shina la kuliwezesha kusimama ndani ya vazi. Tumba huchumwa jioni likiwa bado limefumba, kisha linafumbuka usiku na kumwaga harufu yake yote. Asubuhi limeshaanza kugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo maana mwambao haukulipangia kazi ya kusimama mezani likitazamwa na wageni. Linatungwa shada la kuvaa kichwani. Linachanganywa na rehani, langilangi na mkadi, vikafungwa pamoja vikawa kikuba cha kuweka kifuani au kwenye nywele. Linatandazwa juu ya sinia. Linamwagwa kitandani usiku wa harusi, na hapo ndipo maharusi wapya huanza kutazamana na kucheka.

Kwa hiyo somo la kwanza: pambo la nyumba si lazima lionekane kwa macho tu. Mlango ukifunguliwa, pua ndiyo inayoingia kwanza. Umetoka kazini saa moja usiku, foleni imekuchosha, bosi kakuudhi, halafu unakutana na harufu ya asumini iliyowekwa na mtu aliyekuwa anakuwaza. Ugomvi mdogo mdogo wa siku hiyo unakosa pa kuanzia.

Ukuta uliokuwa kabati

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886 jinsi vyumba vya nyumba kubwa za Unguja vilivyopambwa. Kuta nene za mawe ziliachiwa mashimo ya kuweka vitu, na humo vilipangwa vyombo vya kaure na vya kioo. Lamu mashimo hayo huitwa zidaka, na mafundi wa huko waliyafanya sanaa ya peke yake. Hakukuwa na mtindo wa kujaza chumba samani. Kulikuwa na nafasi, mwanga na vitu vichache vilivyochaguliwa.

Vyombo hivyo vilikuja na upepo. Majahazi yalisukumwa na kaskazi kuanzia Desemba, yakashusha bidhaa za Bara Hindi, Ghuba na kwingineko, kisha yakasubiri kusi iwarudishe mabaharia makwao. Yaani bakuli la kaure nalo lilikuwa na msimu wake wa kufika, kama embe. Ukilishika leo, jua kwamba limevuka bahari likiwa limefungwa kwa uangalifu na mtu aliyeogopa lisivunjike.

Kutafuta chombo bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kwa vyombo vikuukuu, zungukeni mitaa ya Gizenga na Hurumzi. Mtakuta mabirika ya shaba, madele ya kahawa, mirashi ya kunyunyizia maji ya waridi, masinia, vyetezo, kandili na mabakuli ya kaure yenye ufa. Bei ni maelewano. Kabla ya kutoa pesa, fanyeni haya:

*Nendeni na sumaku ndogo.* Shaba na shaba nyeupe hazishiki sumaku. Ikinata, mnaangalia chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu.

*Geuzeni kitako.* Chombo kilichotumika miaka mingi kimelika pale kinapokaa na pale mkono unaposhika. Kikiwa kimechakaa kila mahali sawasawa, kimezeeshwa. Si dhambi kununua kipya, ila lipeni bei ya kipya.

*Ulizeni kilikuwa cha kazi gani.* Muuzaji anayejua kazi ya chombo atakuonyesha kilivyoshikwa. Asiyejua atakwambia tu ni "antiki".

*Msikipike chai.* Birika kuukuu huenda limepoteza risasi nyeupe iliyopakwa ndani, au limezibwa kwa madini yasiyofaa kinywani. Hilo sasa ni la maua.

Sasa tuseme ukweli ambao madukani haupendwi. Kila birika lililo rafuni lilitoka jikoni kwa mtu. Mengine yaliuzwa kwa hiari, nyumba ilipohamia sufuria nyepesi na jiko la gesi. Mengine yaliuzwa kwa shida, ada ya shule ilipodaiwa. Na mengi hayafiki hata dukani, yanaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu yakapimwa kwa kilo, yakayeyushwa. Chombo kilichonawisha mikono ya wageni wa harusi tatu kinakuwa waya.

Kwa hiyo nunueni kimoja, lipeni bei ya haki, na mkitumie. Mkikutana na mlango wa kuchonga wa zamani unauzwa, au fremu yake, piteni. Huo si pambo, ni kipande cha mji, na mji hauoti mlango mwingine. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Vya kale havidumu kwa sababu ni vya kale. Vinadumu kwa sababu kuna mtu anavishughulikia.

Mchana, nendeni shamba

Baada ya mji, chukueni gari mpaka Kidichi. Hapo kuna hamamu ambayo Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na kuta zake bado zina nakshi za maua na ndege. Mume mwenye mamlaka yote yale alikaa akafikiri mkewe anakumbuka nini cha kwao, akamchongea ukutani. Mwenye masikio na asikie.

Mashamba ya viungo yapo jirani. Ombeni muonyeshwe mlangilangi. Maua yake ni ya njano, yamelegea kama kitambaa kilicholowa, na yakifikichwa mkononi harufu haitoki mpaka kesho. Kisha muulizeni mwenyeji wenu karafuu ni nini. Wengi wetu tumeitia kwenye pilau miaka yote bila kujua kwamba ni ua. Karafuu ni tumba linalochumwa kabla halijachanua, likaanikwa juani mpaka likawa jeusi. Ua maarufu kuliko yote ya Zanzibar halijawahi kuonekana likiwa limefunguka jikoni kwako!

Hilo ndilo pambo la kurudi nalo, maana halitaharibika kwenye boti. Bakuli la kaure, karafuu kavu, vijiti viwili vya mdalasini, na ganda la chungwa lililokaushwa. Likianza kupooza, likorogeni kwa mkono na litaamka tena.

Mkirudi nyumbani: kalenda ya maua

Huna haja ya bustani. Fuata msimu na utumie kilicho karibu.

*Kaskazi, Desemba hadi Machi.* Joto ni kali na maua yaliyokatwa hunyauka haraka. Miti ya mkrismasi iko kwenye wekundu wake. Okoteni vichanua vilivyodondoka, muvieleeze kwenye sinia lenye maji. Haibiskasi nayo ni ya siku moja, iwe kwenye maji au nje ya maji, kwa hiyo iwekeni juu ya meza ya chakula ya Jumapili na msiihuzunikie.

*Masika, Machi hadi Mei.* Msimu wa majani. Dele refu la kahawa likiwekwa majani mapana matatu linatosha kubadilisha kona nzima. Kama mna mche wa asumini kwenye kopo barazani, sasa ndiyo wakati wake wa kushangilia mvua.

*Kipupwe, Juni hadi Agosti.* Hewa ni ya baridi kidogo, kwa hiyo hata waridi kutoka Arusha zinakaa zaidi. Bogenvilia inapendeza kwenye kiangazi hiki. Ile rangi yake si ua bali ni majani yanayolizunguka ua dogo jeupe, na ikikatwa hunywea upesi. Ielee kwenye bakuli, isisimamishwe.

*Vuli, Oktoba hadi Desemba.* Mvua fupi, rehani inastawi. Kata tawi, uweke kwenye mrashi wenye shingo nyembamba. Tawi moja tu. Mrashi haukutengenezwa kwa ajili ya msongamano.

Kutunza

Shaba isugueni kwa ukwaju, au kwa limau na chumvi, muisuuze na kuikausha. Msiing'arishe mpaka ikaonekana imetoka kiwandani jana. Ule weusi wa kwenye mikunjo ndio umri wake. Kama chombo kinavuja, ingizeni glasi ndani yake na maji yakae kwenye glasi. Kateni shina kwa mshazari, toeni majani yanayozama majini, na msiweke maua karibu na ndizi au maembe mabivu, maana matunda yakiiva hutoa hewa inayozeesha maua.

Na maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Hili si la urembo tu. Mbu wa dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, hata ya kopo la maua, na Dar es Salaam imeshaonja milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Duka la bei nafuu kuliko yote

Kama boti na nauli bado havijakaa sawa mwezi huu, msivunjike moyo. Nendeni kwa bibi. Kila ukoo una stoo, na kila stoo ina birika lisilo na mfuniko, bakuli la enameli lililobanduka, mkebe wa biskuti wenye vifungo, mtungi uliopasuka mdomo. Msichukue kimyakimya. Amkia, kaa chini, uliza. Pengine bibi atacheka: "Hicho kichakavu cha nini tena, mjukuu wangu?" Halafu ataanza kueleza kililetwa na nani, mwaka gani, na nani alitaka kukiuza akakatazwa. Mwenzi wako naye asikie, kwa sababu hadithi hiyo sasa ni ya nyumba yenu wawili. Bibi akisema hapana, muache kibaki kwake.

Tofauti ya plastiki na ua hai iko hapo. Plastiki unanunua mara moja, na baada ya wiki mbili hamna anayeiona, ila vumbi. Ua hai linadai. Linataka mtu akumbuke, akate, abadilishe maji, aseme "hili limekwisha, tulete lingine". Nyumba za wengi wetu zinaharibika taratibu kwa kuacha kuangaliwa, kabla hata ya ugomvi wowote mkubwa. Wawili wanalala chini ya paa moja miezi sita bila yeyote kugundua kwamba pazia limefifia, wala kwamba mwenzake amenyamaza.

Basi gawaneni kazi leo. Mmoja alete maua Jumamosi, mwingine aoshe birika. Maji ya Jumatatu ni zamu ya nani?