Fulani Ndani ya Programu

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda. Mchana huandika programu za viyoyozi vya majengo makubwa kwa lugha ya PPCL ya Siemens. Lugha hiyo ina amri ya GOSUB, inayoita sabrutini, yaani programu ndogo, na kuikabidhi thamani zisizozidi 15. Mle ndani huitwa $ARG1 hadi $ARG15.

Fundi mwenzangu, mzaliwa wa Tanga, aliniuliza $ARG1 ni chumba gani. Nikakumbuka neno la darasani.

“Kaka, ni chumba fulani. Ukiita mara ya kwanza ni wodi, mara ya pili ni maabara. Mistari ni ileile.”

“Sasa mashine itamjuaje fulani?”

Kwa mpangilio tu. Ukitanguliza joto linalotakiwa mbele ya joto lililopimwa, programu hailalamiki. Inapoza chumba ambacho tayari kina baridi, na wodini kuna mgonjwa.

Kwa hiyo juu ya kila sabrutini tunaandika maelezo kwa Kiswahili: wa kwanza nani, wa pili nani. Hata fundi wa zamu ya usiku anaelewa.