Mwananchi si Mdau Tu

Siku hizi ni nadra kusoma barua ya mwaliko kutoka ofisi ya umma usikutane na neno "wadau". Wapo wadau wa elimu, wadau wa korosho, wadau wa maji. Neno hili tunalitumia kama tafsiri ya "stakeholder" ya Kiingereza, nami hupenda kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: mdau ni nani? Wengi hujibu kwamba ni yeyote anayehusika. Jibu hilo ni sahihi, na hapo ndipo lilipo tatizo.

Neno la Kiingereza limeundwa kwa maneno mawili: dau na mshikaji. Katika karne ya 18 lilimtaja mtu wa tatu aliyeshikilia fedha za watu wawili waliowekeana dau, kisha akamkabidhi mshindi. Yeye mwenyewe hakuweka kitu. Sifa yake ilikuwa kutokuwa na upande. Katika karne ya 20 maana ikapinduka. Mwaka 1963 Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Marekani, ililitumia kwa makundi ambayo kampuni haiwezi kudumu bila kuungwa mkono nayo. Mwaka 1984 R. Edward Freeman alilipa uzito mpya katika kitabu chake kuhusu uongozi wa makampuni. Huko lilipanua duara: liliwakumbusha wakurugenzi kwamba wapo watu wengine zaidi ya wenye hisa. Lilipohamia katika utawala wa nchi, mara nyingi limefanya kinyume: mwenye mali amegeuzwa mmoja wa waalikwa.

Nimewahi kuketi katika mkutano wa wadau kuhusu ardhi ya kijiji ambayo mwekezaji aliitaka. Walikuwapo maofisa, mwekezaji na mwanasheria wake, mashirika mawili yasiyo ya kiserikali, mimi mtafiti, na wanakijiji wanne. Kila upande ulipewa dakika kumi. Mzee mmoja akasimama: "Waheshimiwa, hapa tumeambiwa sote ni wadau. Lakini jioni ninyi mtarudi kwenu. Sisi kwetu ndiko huko mnakokujadili." Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, kisha akampa mwanasheria kipaza sauti.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mzee yule hadhi kubwa kuliko hiyo. Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mdau hutoa maoni. Mkutano mkuu hutoa idhini au huinyima. Ibara ya 8 ya Katiba yetu nayo inawataja wananchi kuwa ndio msingi wa mamlaka yote. Kwa hiyo karatasi ya mahudhurio ya wadau, hata ikijaa sahihi, haiwezi kushika nafasi ya muhtasari wa mkutano mkuu. Anayechanganya viwili hivi, kwa kusudi au kwa mazoea, anawapokonya watu haki yao huku akiwashukuru kwa kuja.

Sidai tulifute neno hili. Kwa umbo lake, neno letu ni kali kuliko lile la Kiingereza: mdau ni mwenye dau. Basi tulitumie kwa ukali huo. Katika kila mkutano tuulize: nani ameweka nini? Nani atapoteza nini mambo yakiharibika? Na nani ana mamlaka ya kusema hapana? Mwenye kuweka shamba lake lote na mwenye kuweka posho ya siku moja hawawezi kuwa wadau sawa. Nawe mtumishi wa umma unayeandika barua ya mwaliko, ukikusudia wananchi, andika wananchi.